Kibati cha Yuditha

Kila muhula mpya unapoanza mimi huamka mapema kuliko kawaida, nikapika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, nikaupeleka kantini ya chuo, na njiani nikamwomba Mungu Filbert asiugue. Nataka awe mzima kabisa. Nataka afike darasani kwa miguu yake mwenyewe.

Dada yangu Yuditha alikuwa fundi wa ndege. Baba yetu, mzee Elimringi wa Kibosho, aliuza ng'ombe na kahawa ili asome. Dada alipoajiriwa kwenye hanga la kampuni moja ya ndege ndogo za watalii, mzee hakulima tena kwa utulivu shambani. Kila ndege ikipita juu ya migomba anaweka jembe chini, anamwambia yeyote aliye karibu, "Hiyo kaishika Yuditha." Hata kama ni lile dege kubwa linalokwenda Ulaya. Hakuna aliyembishia.

Katika hanga lile spana zilitundikwa ubaoni, kila moja mahali palipochorwa umbo lake. Ukichukua spana, unatundika hapo kibati chenye jina lako. Ukiirudisha, unatoa kibati chako. Ndege haitoki mpaka spana zote ziwe zimerudi. Hata mimi mpika mtori sheria hiyo naielewa.

Siku hiyo Filbert alikuwa msimamizi wa zamu, na watalii walikuwa wanasubiri. Aliingia mwenyewe kukaza kitu chini ya pedali za rubani, akaisahau spana humo humo, akaruhusu ndege itoke bila kutazama ubao. Kabla haijafika njia ya kurukia, pedali ikagoma. Rubani akageuza. Mafundi walipofungua wakakuta spana, na walipogeukia ubao wakakuta, mahali pa spana ile, kibati cha Yuditha. Dada asubuhi nzima alikuwa anabadilisha tairi la ndege nyingine. Lakini vibati visivyotumika vilikaa kwenye droo ya msimamizi, na Filbert alikuwa na mikono miepesi.

Yuditha alieleza, akaapa, akalia. Filbert akainamisha kichwa kama yuko msibani. "Ni binti mzuri," akasema, "ila siku hizi amekuwa msahaulifu." Dada akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Habari ilipanda mlima hadi kwetu Kibosho haraka kuliko pikipiki. Watu wakitoka misa wanamuuliza baba, "Yule binti wa spana hajambo?" Mzee akaacha kusimama na wenzake nje ya kanisa. Kisha akaacha kutazama juu ndege zikipita. Alifariki masika yaliyofuata. Hakuwahi kumgombeza dada hata kidogo, alimwambia tu, "Mwanangu, mtu yeyote husahau." Hapo ndipo Yuditha alipoumia. Baba alikufa akiwa amemsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Mimi nilitaka tumchomee Filbert nyumba. Nasema kweli, mafuta ya taa nilikuwa nayo. Dada akaniambia, "Anyesi, ngoja." Alisema ngoja kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko hasira zangu zote.

Akafungua kibanda cha vipuri vya pikipiki mtaani Pasua, akawa anauza mchana na kusoma jioni. Akapata shahada. Kisha akafanya utafiti wake, akizungukia mahanga ya watu na kuwauliza mafundi swali moja: kwa nini mnaficha makosa? Aligundua kwamba wengi wanajua sana kazi yao, ila wanaogopa aibu, na kosa lililofichwa ndilo linaloangusha ndege. Chuo kimoja cha anga hapa mjini kikampenda, kikampa kozi aiendeshe. Fundi anayetaka kuwa mkufunzi lazima apite kwake, na sharti la kupita ni kusimama mbele ya wenzako na kusimulia kosa moja kubwa ulilowahi kulificha. Hakuna adhabu, hakuna anayefukuzwa kazi. Unasema tu.

Watu walimsifu kwa moyo wake mpana. Mimi nilijua anamsubiri nani.

Akaja. Mgongo ulikuwa umemchosha Filbert, kazi ya hanga haiwezi tena, anataka ukufunzi. Alipomwona mwalimu aliyeingia darasani, alikaa kwenye kiti kabla hajaambiwa kaa. Mchana alikuja kantini, nikampimia mtori wa juu juu, umepoa, bila nyama.

Zamu yake ilipofika alisimulia kwamba aliwahi kuacha mlango wa hanga wazi usiku kucha.

"Asante," Yuditha akamwambia. "Hilo ni kosa la mlinzi. Utarudi muhula ujao."

Muhula uliofuata akaja na kosa lingine dogo, akarudishwa tena. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana Jumapili moja tulimwona anaingia kihambani kwetu, kwenye migomba ya baba, na mjomba wake, mzee Urbanus. Mzee ameshika kitawi cha isale.

Kwetu mtu akikuletea jani hilo huna pa kukimbilia. Unasamehe, hata kama moyo unawaka. Nilitaka kufunga mlango, lakini Yuditha akatoka nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Huyu kijana wangu ana neno."

"Mimi siyo wa kwanza kuambiwa," dada akasema. Akawaongoza katikati ya migomba hadi kwenye kaburi la baba. Majirani walishaanza kukusanyika kwenye uzio, na hakuwafukuza. "Mwambie yeye. Kwa sauti, mzee alikuwa hasikii vizuri."

Baba alikuwa anasikia vizuri sana.

Filbert akapiga magoti akasema yote: spana, droo, kibati. Alikuwa analia. Yuditha alisikiliza mpaka mwisho, akapokea isale, akalipanda kichwani pa kaburi. Akasema, "Baba, sikusahau." Kisha akamgeukia Filbert. "Nimekusamehe. Ya nyumbani yamekwisha. Alhamisi utasema ya darasani."

Akayasema, na dada akamfaulisha kwa haki. Hata kazi ya ukufunzi hapo chuoni alimwombea yeye mwenyewe. Watu walishangaa, mpaka ratiba ilipobandikwa. Somo la kwanza la kila muhula, kwa mafundi wapya wote, ni kosa la spana, na mkufunzi ni Filbert. Darasani kuna ubao kama ule wa hanga. Anaanza kwa kutoa kibati cha Yuditha na kutundika chake, halafu anaeleza kwa nini. Dada hukaa kiti cha mbele, amekunja mikono.

Baada ya somo Filbert huja kantini amelowa jasho, anaomba mtori. Nampa uliopoa, bila nyama. Juzi aliniuliza kwa upole kama bado nina kinyongo, wakati dada mwenyewe alishamsamehe.

Nikamwambia, "Yuditha ulimletea isale. Mimi hukuniletea."