Sifuri Niliyompa Bibi Kabula

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi iliyopita, nilianza kutoa alama katika mashindano ya ngoma ya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, hapa Geita. Mimi ni karani wa mgodi, mzaliwa wa Songea, na ngoma za Wasukuma nimezisoma vitabuni tu. Nilichora jedwali: hatua, mruko, mzunguko.

Kundi la Bibi Kabula liliketi kwenye vigoda, wazee na wajukuu bega kwa bega, wakiimba na kuyumbisha mabega. Nikadhani wanapasha mwili joto. Nilisubiri wasimame mpaka wakanyamaza. Nilipotangaza sifuri, uwanja ulitulia. Nikadhani watu wanawahurumia wazee.

Nikaenda kumfariji.

“Shikamoo, Bibi. Pole, miguu ya uzee haina nguvu.”

“Marahaba, karani. Kwani hapa ni mnada wa mifugo, uhesabu miguu? Ngoma hii huchezwa kwa kukaa. Nimemfundisha mjukuu huyu miaka mitatu, na leo hakukosea hata mara moja.”

Mjukuu alikuwa analia. Zawadi ya Bwana Shauri ilikwishachukuliwa na vijana wa Masumbwe. Mbele ya watu wote nikachana jedwali, nikamlipa Bibi kutoka mfukoni mwangu shilingi ishirini, sawa na zawadi ile.