Gari Lililokuwa Linafikiri Kwanza

Ukilikanyaga, lilikuwa linafikiri kwanza. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kuendesha gari la namna ile. Unakanyaga mafuta, halafu kimya. Unaweza kusema neno moja moyoni, "Yesu," au mawili, "Yesu wangu," ndipo injini inakumbuka kwamba imeambiwa jambo. Inakohoa, inatikisika, inaanza kuvuta. Kwenye tambarare za kwenda Vwawa hiyo haikuwa shida, mtu unalisubiri gari lako kama unavyomsubiri mgonjwa avae viatu. Shida ilikuwa nyumbani.

Nyumba yetu ipo Tunduma, upande wa bondeni wa barabara kuu. Kutoka uani mpaka kwenye lami ni hatua kama arobaini tu, lakini zote za kupanda, na huko juu ndiko yanakopita malori ya mpakani. Unapanda, unasimama pua ikiwa imechungulia lami, unavuta hendibreki, unasubiri pengo kati ya lori na lori. Pengo likija halikusubiri. Na hapo hapo ndipo gari langu lilipokuwa linaanza kufikiri.

Lilikuwa dogo, jeupe lililofifia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Mlango ule niliupenda kuliko gari lenyewe. Injini yake haikufika cc elfu moja. Madereva wenzangu wa teksi pale stendi walisema ni pikipiki mbili zilizofunga ndoa. Niliwaacha waseme. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: baada ya hili litakuja kubwa zaidi, halafu basi dogo, halafu mabasi mawili yatakayopishana Chimala yakipigiana honi, na yote yangu. Wakati ule hata mkoa wetu wenyewe hatukuwa nao, bado tulikuwa Mbeya. Kila mtu alikuwa na kitu anachokisubiri.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada akaacha mambo yake akakaa kwenye cherehani. Siku nilipolileta gari nyumbani alilizunguka mara mbili, akafungua mlango wa dereva, akatazama chini.

"Hamna hata zulia? Hivi vyuma vitakuunguza miguu."

Baada ya wiki moja zulia likawa tayari. Chini gunia, juu yake blanketi la zamani lililokunjwa, juu kabisa vipande vya vitenge alivyobakiza kwa wateja wake, amevishona vikapangana kama shamba lenye matuta. Pale panapokaa kisigino changu aliweka kipande cha kitenge cha mama, cha kijani chenye ndege weupe, kile alichokuwa anavaa kwenda Nakonde kuuza maharage.

"Ili usiwe unasafiri peke yako," akasema, akaenda zake jikoni.

Nikaendesha hivyo mwaka mmoja na nusu.

Kisha dada akachumbiwa. Mchumba alikuwa mtu wa Vwawa, mpole, na ndoa ikapangwa kufungwa kwenye kanisa la Mbozi Mission. Kamati ya harusi ikataka kukodi gari kubwa jeusi la ng'ambo. Dada akakataa mbele ya wote. "Nitapanda gari la mdogo wangu."

Nilifurahi nikashindwa kukaa. Furaha hiyo ilidumu mpaka shangazi alipowasili kutoka Mbebe. Shangazi ndiye mkubwa wa upande wa baba, na siku ya harusi kiti cha mbele ni chake. Aliketi, akanywa chai, akaniita.

"Baba, gari la bibi harusi likitoka nyumbani halirudi nyuma. Hata unyayo. Likirudi nyuma, na yeye atarudi, na godoro lake kichwani."

"Kanuni ya nani hiyo, shangazi?"

"Yangu. Mimi nilitoka kwa baba yangu kwa miguu, nikajikwaa, nikaangukia mbele. Mbele! Mpaka leo nipo kwa mume wangu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nautazama ule mwinuko.

Kesho yake nikafanya jaribio. Nilipakia magunia manne ya mahindi yaliyopunguzwa: moja badala ya shangazi, moja badala ya dada, moja badala ya mpambe, na moja la bahati mbaya. Shangazi alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mimi ni lipi?"

"Hilo la mbele."

"Hilo limejaa sana. Punguza."

Nikapanda. Nikasimama juu, pua kwenye lami. Lori la mafuta likapita, likaacha pengo. Nikaachia hendibreki, nikakanyaga. Gari likafikiri. Nilisema "Yesu," nikasema "Yesu wangu," na wakati huo miti ya upande wa pili wa barabara ilikuwa inaniacha polepole. Nilikuwa narudi nyuma. Lori lililofuata likapiga honi ndefu, ile ya upepo inayoingia mpaka mbavuni. Injini ikazima. Nikateremka nikivutana na breki mpaka uzio wa mabua ukanipokea.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshika kichwa. Hakufoka. Alisema tu, "Nimeona."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Kila honi ikilia juu barabarani, naliona gari langu lina maua, limeegemea uzio, na dada yangu ndani yake amefunikwa shela, na watu wote wamenyamaza.

Nikaenda kwa fundi, nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa Mnyamwanga aliyefanya kazi migodini Zambia, na maneno ya huko hayajamtoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inafikiri."

"Gari haifikiri, kijana. Mwenye gari ndiye hafikiri. Fungua boneti."

Akatoa ea klina, kichujio cha hewa ya injini, akaigonga kwenye tairi. Likatoka vumbi mpaka akageuza uso. "Iwe! Hili ni vumbi la Momba nzima. Unataka injini ipumue nini?" Akakwangua plagi kwa msasa. Akasafisha kabureta kwa petroli na manyoya ya kuku. Halafu akaniita nione waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda kwenye kabureta. Aliuinua kwa kidole, ukanyanyuka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Unakanyaga, lakini mguu wako kazi yake ya kwanza ni kuvuta ulegevu huu. Ni kama kumwita mtu aliye chumba cha tatu."

Akaukaza. "Si sana. Ukikaza sana itanguruma yenyewe. Panono panono," akasema, yaani kidogo kidogo. Kisha akaingiza kichwa kwenye boneti. "Sasa ingia. Kanyaga mpaka mwisho."

Nikakanyaga.

"Nimesema mwisho."

"Ndiyo mwisho, fundi."

"Kipepeo cha kabureta kimefunguka nusu. Hujafika mwisho."

"Nimefika!"

Akaja, akafungua mlango wangu, akatazama chini. Akaweka kidole chake cheusi cha grisi juu ya zulia, akalibonyeza, likabonyea kama godoro. Pedeli ilikuwa inalala juu yake katikati ya safari.

"Hii toa."

"Haitoki."

"Imegandishwa?"

"Ameshona dada."

Fundi akafuta kidole kwenye suruali. "Basi mwambie dada apande kilima yeye."

Alipogeuka kunawa mikono, nikalitoa zulia, nikazunguka mashine ya kusaga mara moja. Jamani! Lilipokea kabla sijamaliza kukanyaga. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyesalimiwa na mbunge. Nikazunguka tena. Halafu nikasimama pembeni, nikalitandika zulia mahali pake, ndege weupe wakae vizuri, nikaenda nyumbani kwa mwendo wa kufikiri.

Utaniuliza, si ungemwambia tu? Wiki ile dada alikuwa analia kwa vitu vidogo. Alilia alipokabidhi funguo za kabati. Alilia alipomfundisha jirani namna ya kutia mafuta cherehani. Niliona kwamba akilikuta zulia lake limekunjwa nyuma ya gari, ataona nimemtoa nyumbani mimi kabla ya mume wake kumchukua. Na kipande cha mama je? Nimwambie kitenge cha mama ndicho kinachonizuia?

Kwa hiyo nikawa mwizi. Asubuhi nalitoa pale kwenye kona ya mashine, jioni nalirudisha. Siku moja alichungulia.

"Mbona limekunjamana?"

"Miguu tu."

"Miguu gani inakunja zulia, wewe ni kuku?"

Nikacheka, nikafunga mlango.

Nikapata wazo. Ijumaa jioni nililiosha gari, nikalilowesha zulia kwa makusudi, nikalitumbukiza ndooni mpaka likawa zito kama mbuzi, nikalianika. Kwa baridi ya Tunduma lisingekauka hata Jumapili. Nitasema, "Limelowa, dada, litakuja siku nyingine." Uongo mzuri, haumuumizi mtu.

Jumamosi nilivalia kwa jirani, suti ya kuazima, mikono ikinifika vidoleni. Nilipofika uani gari lilikuwa limeshapambwa, shangazi ameshakaa mbele na mkoba wake mapajani, dada na mpambe wapo nyuma, akina mama wanaimba pande zote. Nikaingia, nikashusha mguu.

Ukatua kwenye kitu laini. Na kilikuwa na joto.

"Dada yako," shangazi akasema kwa fahari, "ameamka alfajiri, bibi harusi mzima, anapiga zulia pasi ya mkaa. Nikamwambia acha. Akasema mdogo wangu ataungua miguu. Na amelifunga kwenye kiti na uzi wa kushonea magunia, lisiteleze."

Nikawasha. Nilipanda kwa kasi ya kuanzia uani, gari likilalamika, nikafika juu, pua kwenye lami, nikasimama. Mguu juu ya breki, hendibreki nimeivuta mpaka mwisho. Nyuma yangu nyimbo. Pengo la kwanza likaja. Sikwenda. Pengo la pili likaja, pana kabisa. Sikwenda. Niliona kwenye kioo akina mama wameanza kuimba polepole, kama watu wanaosubiri kuambiwa kitu.

"Baba, mbona hatuendi?" shangazi akauliza.

Pengo la tatu likapita.

"Mdogo wangu," dada akasema kutoka ndani ya shela. "Kuna nini?"

"Zulia, dada."

"Limefanyaje?"

"Linazuia mafuta. Pedeli haifiki chini. Ndiyo maana gari linachelewa kupokea."

Lori likapita, gari letu likatikisika lote.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolitandika."

"Mwaka na nusu unakatiza mbele ya malori namna hii?" Sauti yake ilibadilika, ikawa ile aliyokuwa anaitumia nikichelewa kurudi kutoka kisimani. "Mimi nakaa kwenye cherehani nakuombea, kumbe mimi ndiye niliyekukaba! Kwa nini hukusema?"

"Kuna kitenge cha mama."

"Mama angekuchapa."

Nikasikia mchakacho wa gauni. Alikuwa ameinama, shela imeingia katikati ya magoti, mikono yake chini ya kiti changu. Mpambe akaanza kupiga kelele kuhusu nywele. "Niache," dada akasema, "fundo langu nalijua mwenyewe." Nikasikia uzi mmoja unalegea. Wa pili ukakataa, akauuma na kuukata kwa meno.

"Inua miguu."

"Nimekanyaga breki."

"Hendibreki si ipo?"

"Siiamini."

Shangazi akatupa mkoba chini, akaikamata hendibreki kwa mikono miwili. "Mimi naiamini! Inua, baba!"

Nikainua. Gari likainama kidogo, likashika. Nikalivuta zulia kwa nguvu zote, nikalirusha nyuma, nikarudisha miguu. Soli ikagusa chuma kitupu. Nilihisi injini yote inatetemeka chini ya unyayo.

Lori la kontena likapita. Nyuma yake kulikuwa na tangi la mafuta, mbali kidogo. Pengo halikuwa pana. "Ishushe, shangazi!"

Nikakanyaga. Panono panono, kisha mpaka mwisho.

Hapakuwa na nafasi ya kusema hata "Yesu." Tulikuwa kwenye lami. Shangazi alipiga kigelegele masikioni mwangu huku bado ameikandamiza hendibreki chini kama amemkamata nyoka. Huko nyuma uani nyimbo zikalipuka upya.

Nilipofika kwenye mizani ya malori nikathubutu kutazama kioo. Dada alikuwa ameliweka zulia mapajani, juu ya gauni jeupe, ndege wakiwa juu. Mpambe anavuta upande mmoja, "Gauni litachafuka!" na dada amelishikilia. Hakuliachia mpaka kwenye ngazi za kanisa, na baada ya ibada ndicho kitu cha kwanza alichokiulizia. Likaenda naye Vwawa. Lipo mbele ya kitanda chake.

Gari langu likabaki na chuma kitupu. Kisigino kinaungua kweli, dada alisema kweli. Kipande cha uzi aliouuma bado kimefungwa kwenye mguu wa kiti, na kila fundi anayeingiza mkono pale namwambia akiache.

Wiki ile ya kwanza dada alinipigia simu. Hakusalimia.

"Linapokea?"

"Linapokea, dada. Ukigusa tu."

"Basi punguza mwendo."