Rimu ya Nne

Gari nililinunua Lodwar kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama, na kusema kweli sikununua gari, nilinunua gofu lake. Lilikuwa la michezo, la zamani, la milango miwili, limekaa juu ya mawe miaka mingi hadi mbuzi wakaligeuza chumba cha kulala. Wenzangu ofisini walicheka. Gari linalokwaruza tumbo hata kwenye lami, walisema, wewe unalitaka kwenye mchanga huu?

Mimi nikishika jambo ni kupe. Fundi wangu, Mturkana mpole mwenye gereji karibu na soko, alilifungua lote likabaki mifupa. Tulikwangua kutu, tukakata sakafu iliyooza na kuchomelea mabati mapya. Injini ilifunguliwa na kuoshwa, pistoni zikaja kwa basi kutoka Nairobi, viti vikashonwa upya kwa ngozi ya mbuzi wa huku huku. Zikabaki rimu za magurudumu. Nilitaka zile zile zilizozaliwa nalo. Turkana rimu haifi: moja tuliipata ikiwa jiko la muuza chai, nyingine ikibeba pipa la maji, nyingine imefukiwa mlangoni kama ngazi. Ya nne, tuliambiwa, ilikuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kengele ya kanisa.

"Madam, wacha hiyo," fundi alisema. "Tutatafuta ingine inafanana."

Inayofanana! Nikafunga safari.

Ilining'inia kwenye mwarobaini kando ya kanisa la udongo. Mpigaji wake alikuwa mama mmoja mrefu kutoka Sudan Kusini. Kwa kengele ile aliwaita watu kwenye ibada, na aliwaita kwenye misiba. Nilikuwa nimebeba rimu ya lori ya kubadilishana. Aliigonga kwa chuma, ikalia kama sufuria iliyopasuka.

"Hii sauti yake haifiki mbali, dada," alisema.

Hapo ningeaga nirudi. Badala yake niliusikia mdomo wangu ukisema, "Mama, lile gari lilikuwa la marehemu baba yangu."

Baba yangu yuko Kisii, anafuga kuku, na jana yake alikuwa amenipigia simu kulalamika kuhusu mwewe.

Mama yule akaifungua kamba kwa mikono yake. "Kitu ya marehemu ni ya mtoto wake," alisema. "Hiyo hatuwezi kukatalia wewe."

Nilidhani yameisha. Kumbe kwao mtu akitaja msiba haachwi aende hivi hivi. Aliwaita wanawake wenzake, wakatandika mkeka, wakaleta chai, wakanikalisha katikati na kumwombea baba yangu apumzike kwa amani. Mmoja alilia. Mimi niliinamisha kichwa, wao wakaona huzuni. Ilikuwa aibu, aibu tupu, na bado niliondoka na rimu.

Gari lilipokamilika, jekundu, linang'aa, fundi alilizunguka akicheka peke yake. Mimi sikuweza. Baba aliposikia akapanda basi kuja kuliona, na Lodwar haikumtosha. Alitaka tulipeleke Kakuma, aione kambi anayoisikia redioni. Nilitoa visingizio vyote, joto, mafuta, mchanga. Baba ni mimi niliyezeeka: hasikii. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa lami ya kutoka Lodwar hadi Kakuma.

Mjini Kakuma watu walituzunguka kabla sijazima injini, naye mama wa kengele alikuwa miongoni mwao. Aliitambua rimu yake, akaigusa, akanishika bega na kuniuliza kama moyo wangu umepoa. Baba alikuwa ameshatoka, mkono mbele.

"Habari, mama! Mimi ndio baba ya huyu."

Mama aliupokea mkono wake kwa mikono miwili. Alimtazama uso, akanitazama mimi. Tumefanana hadi pua. Nilingoja anivue nguo mbele ya umati ule, na ningestahili.

"Baba," alisema polepole, "sisi tulikuombea sana."

"Asante, mama," baba akajibu, amefurahi kwelikweli. "Ndiyo maana unaniona mzima."

Mama akamwachia mkono, akajipenyeza kati ya watu akaenda zake. Mimi hakunitazama tena.

Njiani baba alikuwa bado anatabasamu. "Umeona watu wema?" aliniambia. "Hata hawanijui."