Kadi Mbili za Pima Tena

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Pima Tena, kwa sababu fundi yule hakukata kitambaa cha mtu bila kumpima mara mbili, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi minane, tabia ile akahamia nayo kliniki.

Kwenye zahanati, ile yenye mabenchi ya mbao na foleni inayoanzia getini, nesi mwenye gauni jeupe alimpima presha, akakunja uso. Ilikuwa juu. Akaambiwa apunguze chumvi, aache cherehani, arudi baada ya siku tatu. Pima Tena aliitikia kwa heshima zote, na moyoni akamwona nesi ni mtu wa kutia watu hofu bure. Alikuwa na sare arobaini za wanafunzi mezani, na shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Aache cherehani amwachie nani?

Basi akafanya kama mteja asiyependa bei, akaenda duka la pili. Kliniki ya binafsi ng'ambo ya barabara ilikuwa na viti vya sponji, feni, na daktari kijana mwenye maneno matamu. Alikaa pale saa nzima akipepewa, alipopimwa presha ikawa shwari, akaandikiwa kadi mpya. Hiyo ndiyo kadi aliyoipenda. Ile ya zahanati akaisokomeza kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na kila mama mkwe alipouliza habari za mjukuu wake, alionyeshwa kadi tamu. Bibi wa watu akaridhika. Lakini miguu ya Pima Tena ilikuwa imevimba hadi ndara hazimwingii, na kichwa kilimgonga tangu alfajiri.

Wiki iliyofuata alirudi kwenye viti vya sponji. Daktari hayupo, yupo nesi mwenye gauni la bluu, amempa mgongo. Pima Tena aliutambua mgongo ule kabla ya uso. Gauni lile alilishona yeye, pamoja na jingine jeupe la kipimo kilekile, na wala hakujiuliza mtu mmoja ana sare mbili za nini. Nesi akageuka. Ndiye yule wa zahanati, kumbe na hapa huja kufanya kazi ya jioni.

Pima Tena akautafuta mlango kwa macho. Miguu haikuwa tayari kwa mbio.

"Fundi," nesi akasema taratibu, "ukimpima mteja mara mbili, vipimo vikapishana, unakata kwa kipi?"

"Kwa kikubwa," akajibu upesi, maana kazi yake anaijua. "Nguo pana naipunguza. Ikibana, nimeshaharibu kitambaa cha watu."

Nesi alimfunga mpira wa presha mkononi, akaanza kuujaza. Hapo ndipo Pima Tena alipoyasikia maneno yake mwenyewe, na hofu ikamshika kwelikweli. Akaweka mkono tumboni, akasema kadi nyingine ipo kwenye droo, chini ya vifungo.

Alilazwa siku ileile. Sare zilizobaki zilimaliziwa na mama mkwe, mishono yote imekwenda upogo. Mtoto alitoka wiki tatu kabla ya siku zake, wa kike, mdogo lakini ana sauti. Nesi akamlaza kwenye mizani, akasoma kilo mbili na robo.

Pima Tena, hoi kitandani, akainua kichwa.

"Pima tena," akasema.