Daktari Aliyelala Tumboni kwa Shangazi

Juzi kule Chara mafuriko yalikuwa yamekata barabara na umeme, nami nikamwinamia mama mmoja mjamzito na ile pembe ya mbao ya kusikilizia mtoto tumboni. Binti mdogo wa yule mjamzito akasema, "Mama, daktari kalala." Nilikuwa nimechoka, lakini si uchovu ulionizuia kucheka.

Maana na mimi niliwahi kusema hivyo utotoni. Alasiri moja nyumbani Golbanti, maji yakiwa yamefika mlangoni, daktari alikuja kwa mtumbwi, suruali kaikunja magotini, ananuka matope na jasho. Shangazi yangu alikuwa mkekani, mimba kubwa. Daktari alipiga magoti, akaweka pembe yake tumboni na sikio juu yake, akafumba macho. Akaihamisha kidogo, akafumba tena. Akakaa hivyo.

Nikamhurumia. Kupiga kafi mchana kutwa si mchezo. Nikatoka kumwendea bibi, aliyekuwa akitwanga mpunga barazani.

"Bibi, acha kwanza. Daktari kalala."

Mchi ukanyamaza. Nikafukuza kuku, nikawakemea wenzangu waliokuwa wakirushiana maji. Nyumba nzima ikatulia, nami nikajisifu moyoni kwamba nimempa mgeni usingizi.

Sasa kazi yake ndiyo yangu. Moyo wa mtoto aliye hai, mara nyingi hauchukui muda kuupata. Juzi, namshukuru Mungu, niliupata upesi. Siku ile daktari alisikiliza na kusikiliza, ndani ya kimya chote kile nilichompa, na hakusikia kitu.