Lebo kwenye Mkono wa Koti

Agosti 2017, siku ya Jumanne asubuhi, nilimpoteza mwanaume niliyeishi naye miaka kumi na mmoja. Alirudi kutoka zamu ya ulinzi kwenye jengo moja la maduka, akaketi ukingoni mwa kitanda avue viatu, akavua kimoja. Cha pili nilimvua mimi, baada ya watu wa ambulensi kuniambia hakuna cha kufanya. Presha, walisema.

Nasema mwanaume niliyeishi naye kwa sababu maneno mengine yote yananichoma mdomoni. Majirani hapa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, walituita wale wawili. Kanisani walisema ndugu fulani na fundi wake. Fundi ni mimi. Nashona na kurekebisha nguo katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, na ukuta wa pili ni saluni ya mama mmoja wa Bukavu. Tulipendana, tulilala kitanda kimoja, na sheria ya nchi hii ingeturuhusu tukaoane mchana kweupe. Hatukwenda. Yeye aliogopa habari zisifike kwao Lubumbashi, na mimi niliogopa kila alichokiogopa yeye.

Siku sita za wiki alivaa sare ya ulinzi, suruali nyeusi iliyompwaya na koti lenye harufu ya watu waliolivaa kabla yake. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Kwetu Wakongo kuvaa ni kama dini, tunaiita sape, na yeye alikuwa muumini wa kweli. Baada ya ibada wanaume walikutana kwenye kibaraza cha baa ya Mreno mmoja, kona ya mtaa wetu, wakatembea mmoja mmoja mbele ya wenzao, wakageuza kisigino, wakafunua bitana ya koti. Rangi tatu, zisizidi. Soksi ziongee na tai. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki na soda yangu, nikitazama mishono.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni lebo. Koti la dukani huja na kitambaa kidogo chenye jina la kampuni, kimeshikizwa kwa nyuzi chache kwenye mkono wa kushoto, juu ya vifungo. Kimewekwa ili muuzaji alitambue koti likiwa limetundikwa. Ukishalinunua, unakikata. Lakini watu wetu wengi wanakiacha, ili kila mtu ajue koti ni jipya. Yeye akimwona mtu wa namna hiyo pale kibarazani, alimsogelea kwa heshima zote.

"Papa, koti lako bado liko dukani? Kimbia, watafunga."

Watu walicheka mpaka wakamwaga bia. Yule papa aliingia nyumbani kwetu kesho yake, koti mkononi, akijifanya anataka kupunguza suruali.

Nilikuwa nazikata hizo lebo na kuziweka mdomoni. Ni tabia mbaya ya ufundi. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo uzi, pini, kipande cha kitambaa, vyote naweka kati ya midomo. Ilimkera.

"Siku moja utameza sindano," aliniambia. "Na mimi nitamwambia daktari nini? Kwamba mutu muzima ameshiba chuma?"

Jioni, kabla hajaenda zamu, tulikuwa na mambo yetu mawili. Saa mbili tulitazama tamthilia ya hapa, ya Kizulu, ambayo tuliielewa nusu, na nusu iliyobaki alinitafsiria kwa uongo. Wahusika walikuwa wakigombania kampuni, yeye akasema wanagombania kuku. Nilicheka na kulia kwa tamthilia ile, mimi mwanaume wa karibu miaka hamsini. Kisha nilifungua gramafoni yangu na kuweka santuri moja ya rumba ya zamani. Moja tu kila jioni. Niliziokota kwenye maduka ya mitumba miaka mingi, nyingine zimekwaruzwa mpaka mwimbaji ana kwikwi, na kila moja niliishonea mfuko wa kitambaa laini juu ya jalada lake la karatasi.

Basi akafa, na nyumba yetu ikawa matanga.

Kaka yake mkubwa alifika kwa basi kutoka Lubumbashi. Tulimwita yaya, kama tunavyomwita kila ndugu mkubwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kusomea Biblia, na alisimama mlangoni akiitazama nyumba kwanza, kisha mimi.

"Njo wewe fundi ulikuwa nakaa na mudogo yangu?"

"Ndiyo, yaya."

"Kwa nyumba moja?"

"Moja."

Akatazama ndani. Kulikuwa na chumba kimoja cha kulala na mlango wake ulikuwa wazi.

"Muzuri," akasema. "Johannesburg iko nguvu. Watu banagawana loyer ya nyumba."

Mama wa saluni alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria. Yaya alipoingia, akaninong'oneza: "Huyo anajua. Asingekuwa anajua, asingeuliza mara mbili."

Nitasema ukweli. Siku zile sikuwa na huzuni. Huzuni ilikuja baadaye na ipo mpaka leo. Siku zile nilikuwa na kinyaa, kutoka kisogoni mpaka vidoleni. Godoro letu lilitolewa na kutandikwa sebuleni, ndugu zake wakaketi juu yake, na mimi nikapewa benchi mlangoni pamoja na majirani. Uani walikaanga kuku kwa mafuta yaliyokwisha kutumika mpaka yakawa meusi, na harufu ile ikaingia kwenye mapazia, kwenye vitambaa vya wateja, kwenye nywele. Watu niliokuwa sijawahi kuwaona walikula kwa vidole vitano. Waliimba nyimbo za Yesu midomo ikiwa imejaa. Mchungaji alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na maji kama samaki, akaniambia, "Pole, jirani."

Walichapisha fulana zenye picha yake. Picha ile naijua. Tulipigwa sote wawili kwenye arusi ya mteja wangu, tumesimama bega kwa bega, mkono wangu umemkumbatia. Walinikata. Lakini aliyekata hakuwa na ustadi, akaacha mkono. Ukawa unaonekana kwenye kila fulana, vidole vinne begani kwake, na kimoja kina ukucha uliopinda kwa sababu cherehani iliwahi kuupitia. Nikaketi pale benchini nikitazama vidole vyangu juu ya matumbo ya watu. Mayonezi ya saladi ilidondoka kwenye uso wake pale kwenye fulana. Mtu mmoja akaifuta kwa kidole gumba, akalamba.

"Papa, kula," mama wa saluni aliniambia. "Hata kama haishuki, tafuna tu bakuone."

Nikatafuna. Haikushuka. Niliinuka kwenda kutema, na njiani nikaona jalada la santuri yangu moja limewekwa sakafuni chini ya mguu wa kiti. Limefanywa sahani. Mifupa ya kuku ilikuwa imepangwa juu ya uso wa mwimbaji, na ule mfuko wa kitambaa nilioushona mtu alikuwa amejifutia mikono. Ikafika saa mbili, wakawasha tamthilia yetu. Walicheka sana. Hawakuelewa Kizulu hata kidogo, na hapakuwa na wa kuwadanganya.

Kesho yake yaya alifungua kabati. Kwa desturi yetu nguo za marehemu ni za ukoo, na kwa ukoo ule mimi nilikuwa mtu wa kugawana naye kodi. Alizitoa moja moja na kuzitupa kitandani, kisha akafika kwenye suti ya kijani.

Suti ile tuliipata kwenye mitumba, sufu nzito, kijani cha chupa. Nilifumua yote na kuishona upya msimu mmoja wa baridi, yeye amesimama katikati ya chumba na soksi tu, akitetemeka na kulalamika. Ndiyo iliyokuwa suti yake. Alikwisha kuniambia kwa mzaha kwamba ndani ya hiyo hata Mungu atamtolea kiti.

"Hii iko muzuri," yaya akasema, akajipima kifuani. "Fundi, unifungulie kidogo kwa kiuno."

"Yaya, yeye angependa kuzikwa nayo."

"Maiti haipendi kitu. Na kufukia nguo ya muzuri ni zambi. Yeye nilimununulia ya mupya."

Nilimfungulia kiuno. Ni kazi yangu, na pia nilitaka kuishika. Nilifumua mishono yangu mwenyewe. Kwapani bado palikuwa na jasho lake, na nilishusha uso nikabaki hapo mpaka yaya alipokohoa nje ya mlango.

Suti ya mupya ilikuwa ya kahawia, kitambaa chenye kung'aa kama karatasi ya peremende, mabega makubwa ya mtu mwingine. Hakuniuliza vipimo. Ilitundikwa mlangoni kwenye mfuko wa nailoni, na kwenye mkono wa kushoto, juu ya vifungo, palikuwa na lebo.

"Yaya," nikasema, "basi niruhusu nikate lebo tu."

"Apana! Ile usiguse."

"Hakuipenda kabisa, yaya. Wenzake wa Jumapili watakuwepo, watamwona."

"Na mama yetu je? Mama hawezi kusafiri. Video inaenda kwake kule. Ataona namna gani kama tulimununulia mupya? Atasema tulimuvika mitumba, mutoto wake, kama mutu hana ukoo."

Hapo nilimwelewa kidogo, na kumwelewa kukanichukiza zaidi. Nilitoka nikasimama kwenye upepo wa Agosti, ule mkavu unaorusha vumbi la machimbo. Nikaona kwamba godoro limechukuliwa, picha imekatwa, suti imekwenda. Sitaitwa kwa jina lolote kaburini. Kimebaki kitu kimoja ninachoweza kumfanyia. Hataingia ardhini na lebo.

Nilimwambia mama wa saluni. Akaweka kitana chini.

"Unajua huyo yaya atakupiga?"

"Najua."

"Haya. Mimi nitakuwa nyuma yako. Nitavaa kitenge kile kipana."

Jumamosi tulikwenda kwenye ukumbi wa watu wa mazishi. Maua ya plastiki, zulia jekundu, na dawa ya kunukiza yenye harufu ya stroberi, ambayo chini yake kulikuwa na harufu nyingine, na kila mmoja wetu alijua ni ya nini. Yaya alisimama kichwani pa jeneza ndani ya suti ya kijani. Kifungo cha koti kilikuwa kimekazwa kama kinataka kuruka, na ile bitana niliyoichagua ilichungulia kila alipopumua. Mpiga video alikuwa pembeni na taa yake. Ndugu walipita kwanza, kisha watu wa kanisa. Wale wa Jumapili walipita wamevaa vizuri kuliko wote, na niliona macho yao yakishuka kwenye mkono wa koti, yakakaa pale, yakaondoka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Zamu yangu ikafika. Walikuwa wamempaka poda usoni mpaka akawa na rangi ya udongo wa chungu. Kola ilimpwaya shingoni. Mkono wa kushoto waliulaza juu ya wa kulia, na ulivyolazwa nilijua ni kwa ajili ya video. Niliinama kama mtu anayeaga. Nyuma yangu mama wa saluni alitanua kitenge chake na kuanza kulia kwa sauti kubwa, makalio yake yakaifunika taa ya mpiga video.

Kijisu changu cha kufumulia kilikuwa kiganjani. Nyuzi zilikuwa nne. Nilizikata bila kukigusa kitambaa cha koti, lebo ikatoka, na mikono yangu miwili ikiwa bado inalilaza sawa pindo la mkono wake, niliiweka mahali ninapoweka vitu vyote.

Hapo nikagundua kwamba nilitaka kumwambia neno. Nilikuwa nimelitayarisha. Mdomo ulikuwa umejaa. Nilibaki nimeinama, lebo ulimini, ladha ya gundi na ile dawa wanayowatilia maiti, na sikuweza kusema chochote. Nikalisawazisha pindo mara ya pili. Mama wa saluni akanisukuma polepole kwa tumbo lake, nikapita.

Yaya aliuona mkono mtupu kabla sijafika mlangoni. Akanifuata, akasema chini chini, akiwa anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Fundi. Iko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Usinichezee. Iko wapi?"

Nikatikisa tena. Akadhani imeanguka. Akarudi kwenye jeneza, akatazama chini, akapiga magoti kwenye zulia na kuanza kupapasa chini ya meza ya jeneza kwa mikono yote miwili. Wanawake walimwona kaka mkubwa ameanguka magotini mbele ya mdogo wake, wakapiga kelele ya kilio iliyotikisa ukumbi. Watatu wakamkimbilia, wakamshika kwapani, "Pole, yaya, jikaze, yaya!" na yeye akiwasukuma ili aendelee kutafuta, nao wakizidi kumlilia. Video ikachukua yote.

Nilitoka nje. Karibu na geti palikuwa na pipa, ndani yake maganda ya machungwa na pakiti za chipsi. Nilitema lebo humo. Nilisukutua mdomo kwenye bomba la bustani, nikatema, nikasukutua tena, ladha haikuisha.

Jeneza likatoka limefungwa. Yaya alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka, na magotini pa suruali ya kijani palikuwa na manyoya mekundu ya zulia, mengi. Alipofika mbele yangu alisimama. Nilipiga goti moja nikaipangusa suruali, goti la kushoto, kisha la kulia, mpaka sufu ikawa safi.