Afisa Aliyetuita Watani

"Anatania, au ndivyo atakavyofanya?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama wa mwenzangu, akiwa ameinamia beseni la mihogo nyuma ya nyumba yake, Kipalapala. Hakuinua uso. Kisu kiliendelea kuvua maganda, naye akawa ananisubiri. Alitaka jibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mwanawe, mtoto pekee aliyebaki naye, alikuwa aende Urambo kuzungumza na vijana wanaofanya kazi kwenye tumbaku, na afisa mmoja alikuwa amemwambia kwamba akienda, kaburi lake atalichimba yeye mwenyewe. Mimi nilikuwepo maneno hayo yaliposemwa. Niliona mdomo ulioyatoa, na ulikuwa unacheka.

"Wewe umesoma, mwanangu," mama akasema. "Ulimtazama usoni. Niambie nimwache aende, au nimfungie ndani?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na halikumfaa kitu.

Kikundi chetu kilikuwa kidogo. Tulikuwa vijana tuliorudi Tabora na vyeti vyetu tukakosa pa kuvipeleka, pamoja na mafundi, wauza mitumba na mwalimu mmoja wa kujitolea. Tulikutana Mtendeni, kwenye stoo iliyo nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapo na anayesema Kiswahili vizuri kuliko sisi, alitupa chumba hicho kwa sharti moja, kwamba tusiguse matairi yake. Tulikaa juu ya maboksi na kubishana juu ya ujamaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaudhi. Kila mwenzangu aliposema turudishe ujamaa, nilimuuliza ni upi. Babu yangu alihamishiwa kijiji cha ujamaa huku nyumba yake ikibomolewa nyuma yake, na hakuna aliyemwuliza anataka kukaa wapi. Nilisema ujamaa usiokuwa na kura ni amri tu, hata kama amri yenyewe ni nzuri. Mwenzangu, ambaye aliwahi kusomea upadri akaacha njiani, hakunikatalia. Alisema ndiyo maana tuanzie mahali ambapo kura inaweza kupigwa kesho. Kule Urambo, vijana ndio wanaochoma tumbaku, ndio wanaolala na moto wa mabani, yale majengo ya kukaushia majani yake, lakini kwa kuwa hawana mashamba yao, si wanachama wa ushirika. Bei ikijadiliwa, wao wako nje. Alitaka wadai uanachama na kura, shamba liwe la kukodi au la kuazima. Hilo nililikubali, kwa sababu lilikuwa dogo na linaweza kupimwa.

Kisha tukaitwa kwa yule afisa, mimi na yeye. Ofisi yenyewe haikuwa na kibao. Ilikuwa na feni iliyozunguka polepole, meza, na viti viwili vifupi kuliko kile cha afisa. Tulikuwa tumesikia habari za watu waliochukuliwa kwenye miji mingine na gari lenye vioo vyeusi, wengine wakarudi wakiwa wanyamavu, wengine hawajarudi. Ukishasikia habari hizo, kila gari lina vioo vyeusi.

Afisa alituuliza kabila. Tuliposema Wanyamwezi, uso wake ukafunguka.

"Kumbe watumwa wangu! Mimi Mzaramo, mtu wa Kisarawe. Mmekaa hapo kama wageni, kumbe mko kwa bwana wenu."

Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani na kulala katika vijiji vyao. Mtani anaruhusiwa kukuita mtumwa wake. Anaruhusiwa kuja msibani kwako akakalia jeneza mpaka apewe kitu, na kukutabiria kifo wewe mzima wa afya. Ukikasirika, aliyekosa ni wewe. Nilikua nikiyaona hayo na kuyacheka. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba ni mtego mzuri kwa mtu anayejua kuutega.

Alikuwa hodari wa utani. Aliongea kwa madaha ya Dar, akivuta maneno. "Mababu zenu walibeba mizigo ya wenzao mpaka wakaota sugu. Leo ninyi mnataka kubeba nchi nzima. Mabega mnayo?"

Mwenzangu hakuweza kuacha kujibu. Utani ukikufikia ni lazima urudishwe. "Tuliota sugu kwa sababu mlitungoja njiani mtuuzie nazi mbovu," akasema.

Afisa alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka, na kicheko changu kilinitisha, maana sikujua kimetoka wapi. Halafu, bila kubadili sauti, akamwelekezea mwenzangu kidole.

"Una shingo nzuri, mtumwa wangu. Jumamosi ukienda kwenye ule uwanja wa shule Urambo, mwambie mama atandike jamvi mapema. Kaburi lako nitachimba mimi. Si ndiyo kazi ya mtani?"

Feni ilizunguka. Mwenzangu alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesimama. Hapo simu ya afisa ikalia. Akaipokea, akasogea dirishani na kutugeuzia mgongo, akawa anaongea na mtu kuhusu gari lililoharibika.

Tulifanya kile ambacho Mnyamwezi yeyote angefanya mbele ya Mzaramo. Tulihamia kwenye lugha ya nyumbani. Mwenzangu aliniuliza kwa Kinyamwezi, midomo ikicheza kidogo tu, tufanyeje, kwa kuwa walishajua siku na walishajua ni uwanja wa shule. Nami nikamjibu kwa lugha ileile, lugha niliyofundishwa jikoni na bibi yangu, kwamba tusiende uwanjani. Twende kwenye bani la mjomba wako, lile lililo ng'ambo ya kijito, tuwaambie vijana waje mmojammoja kama wanaokwenda kazini. Akaitikia kwa macho. Nilijisikia kama niliyefunga mlango na kutia komeo.

Afisa alirudi kitini. "Mnasemezana nini, watumwa?"

"Tunasema una sauti nzuri," mwenzangu akajibu.

"Uongo wa Kinyamwezi nao unanuka tumbaku," akasema, akatuambia tuende zetu.

Siku zilizofuata hofu ilisambaa bila mtu kuibeba. Fundi cherehani aliyekuwa hakosi kikao alipata safari ya ghafla. Mwalimu alifuta namba yangu, nami niligundua kwa sababu picha yake ilitoweka kwenye simu. Mzee wa duka la vipuri alinikaribisha chai, akanimiminia mwenyewe, akaniomba kwa upole tutafute mahali pengine, kwa sababu yeye ana wajukuu na duka lina mlango mmoja. Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulala na viatu karibu na kitanda.

Nilijaribu kulichambua lile tishio kama nilivyofundishwa kuchambua kila kitu. Mtani wa kweli husema kaburi kwa sababu hataki likufike. Mtu mbaya husema kaburi na kukutazama shingoni. Yule alifanya yote mawili. Nilimwendea mama Kipalapala nikitumaini kumkuta na jibu lake mwenyewe, naye akaniuliza lile swali akiwa ameinamia beseni la mihogo.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alisema atakwenda. Alisema asipokwenda, vijana wa Urambo watajua kwamba neno moja la kuchekesha linatosha kuwanyamazisha, na wataanza kulitumia wenyewe kwa wenyewe. Mama hakubishana. Alikwenda ndani, akarudi na rozari, akamvisha shingoni, akaificha chini ya kola.

"Kama ni shingo anayoitaka," akasema, "aikute na mwenyewe."

Jumamosi tulipanda basi la asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Barabara inafuata njia ya zamani ya misafara kwa kitambo, na nilikuwa nimewahi kuwaeleza wenzangu hayo kwa fahari. Safari hiyo niliangalia kioo cha dereva tu, kuona kama kuna kinachotufuata. Kulikuwa na lori la mkaa. Lilipokata kona na kutuacha, nilitamani lirudi, kwa sababu angalau nilikuwa nimelizoea.

Bani lilikuwa la matofali, limefunikwa kwa bati, na kuta zake zilikuwa na harufu ile tamu inayokaa kooni. Msimu wa kuchoma ulikuwa umekwisha. Vijana waliingia mmojammoja kama tulivyoagiza, wengine na majembe, dada mmoja na mtoto mgongoni. Mlango wa bani ni mdogo, unainama kuingia, na dirisha hakuna. Nilichagua kukaa mlangoni. Niliwaambia ni kwa ajili ya hewa.

Mwenzangu alizungumza kwa sauti ya chini, bila hotuba. Aliwauliza nani analipwa nini, nani aliwahi kuingia kwenye mkutano wa ushirika, nini kilimpata. Mmoja alisema aliambiwa akalete hati ya shamba kwanza. Mwingine akadakia kwamba yeye hati yake ni kikohozi. Wakacheka, na mimi nilishtuka kama mtu aliyesikia risasi. Yule dada mwenye mtoto akauliza swali ambalo ningeuliza mimi. Ninyi wa mjini mtaondoka na basi la jioni. Wakija kutuuliza nani alikuwa hapa, sisi tuseme nini?

"Semeni nilikuwa mimi," mwenzangu akasema. "Jina langu wanalo tayari."

Katikati ya mazungumzo aliingia kijana aliyechelewa, jasho limemlowesha. Alisema amepita uwanja wa shule. Kuna gari jeupe limesimama pale tangu asubuhi, vioo vyeusi, wanaume wameegemea mlango wanakula karanga na kutazama uwanja mtupu. Mtoto mgongoni alianza kulia na mama yake akamshusha, akamziba kwa ziwa. Tulikaa hivyo, tukisikiliza kama kuna injini inayovuka kijito. Nilikuwa nahesabu nafasi ya mwenzangu kupita kwenye tundu la moshi, na kila nilipohesabu, mabega hayakupita.

Gari halikuja. Baadaye tulisikia liliondoka alasiri. Vijana walikubaliana wachague wasemaji wao, wakapiga kura kwa kuinua mikono gizani, na ilibidi nimulike kwa simu ili mikono ionekane. Tulirudi Tabora tukiwa hai na tukijisifu. Tulisema Kinyamwezi kimetuokoa. Mama alipomwona mwanawe anaingia uani alimpa maji ya kunawa.

Ushirika ule ulichukua misimu kadhaa ya malumbano kabla ya kuwakubali vijana wenye mashamba ya kukodi. Vyama vingine havijawakubali hadi leo. Kikundi chetu kimekua, kimegawanyika, kimekua tena, na mimi bado ndiye ninayewaudhi kwa maswali. Mwenzangu anaishi Urambo sasa. Kwa miaka mingi, nikilikumbuka gari lile, nilijiambia kwamba lilikwenda uwanjani kwa kuwa hawakujua pengine pa kwenda.

Mwaka huu nilikwenda Urambo kwenye msiba wa bibi mmoja aliyekuwa mwanachama wa ushirika. Nilimwona afisa yule, mvi zimemjaa, ameketi kwenye mkeka wa wafiwa, upande wa watoto wa marehemu. Nilimwuliza mwanamke aliyekuwa karibu nami yule ni nani. Alisema ni kitindamimba wa bibi, alizaliwa kwenye nyumba ileile iliyo mbele yetu, akaenda Dar akiwa mkubwa kutafuta kazi. Wazee walikuja kumpa pole. Aliwajibu wote kwa Kinyamwezi, Kinyamwezi cha ndani kabisa, kizuri kuliko changu.